Arkidikoni Johnson wa Ziwa Nyasa na Zawadi Zake

Mtu akishuka kutoka milima ya Umatengo, akiziacha nyuma ngolo za mahindi na maharage na mashamba ya kahawa, hufika hatimaye mahali ambapo Ziwa Nyasa laonekana mbele yake kama mbingu ya pili. Huko chini ufukoni, katika Liuli, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga na leo i katika Wilaya ya Nyasa, liko kaburi la Arkidikoni William Percival Johnson, aliyefariki mwezi wa Oktoba mwaka 1928. Hakuwa mtu wa kanisa letu la Kilutheri. Alikuwa Mwanglikana, wa Misioni ile iitwayo ya Vyuo Vikuu. Lakini watu wa ufuko wa makanisa yote wamjua, na sisi wa milimani tumesikia habari zake tangu utoto.

Mengi yaweza kuandikwa juu yake. Sisi twataka kuandika jambo moja, nalo ni zawadi: jinsi mtu yule alivyojua kuchagua kitu cha kuwapa rafiki zake. Maana katika miezi hii ya arusi na ya kipaimara tumeulizwa mara nyingi, hasa na vijana, ni zawadi gani impasayo mtu fulani, nasi tumeona aibu kujibu, kwa kuwa sisi wenyewe tumekosa katika jambo hilo.

Tusifiche kosa letu. Tulipopata mshahara wetu wa kwanza, tulimnunulia shangazi yetu taa nzuri ya kandili, yenye kioo safi na mpini unaong'aa, kwa sababu alitulea tulipokuwa wadogo. Tulipanda nayo mlima kwa furaha nyingi. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, akatushukuru, akaitundika ukutani. Tuliporudi mwaka wa pili tukaikuta ukutani pale pale, utambi wake ungali mweupe. Kijijini kwake hapakuwa na duka la mafuta ya taa, wala hakuwa na fedha ya kuyanunua, naye alilala mapema kama walalavyo watu wa shamba. Hakutuambia neno. Ila alikuwa ameifuta vumbi kila juma kwa muda wa mwaka mzima, maana ilikuwa zawadi yetu. Basi sisi tulidhani tumempa mwanga, kumbe tumempa kazi.

Sasa tuje kwa Johnson.

Alizaliwa tarehe 12 Machi, mwaka 1854, katika kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza. Akasoma shule katika mji wa Bedford, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Nia yake ya kwanza ilikuwa kwenda Bara Hindi kufanya kazi ya serikali, kazi yenye heshima na mshahara mwema. Lakini alimsikia Askofu Edward Steere akieleza habari za Afrika, akaiacha nia ile. Katika chuo kile alikuwa na rafiki, jina lake Chauncy Maples, naye akakata shauri lile lile. Mwaka 1876 wote wawili wakafika Unguja.

Mwaka ule ule Askofu Steere akaondoka na kundi la watu waliokombolewa katika utumwa, wengi wao wenyeji wa nchi za kusini, akawapeleka kuelekea kwao. Walipofika Masasi wakapenda kukaa, na Johnson, kijana wa miaka 22, akaachwa nao. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kukaa na watu. Kukaa nao ni jambo jingine, si sawa na kukaa karibu nao. Alikula chakula chao, akatembea kwa miguu kama wao. Walioandika habari zake wakubaliana kwamba desturi hii hakuiacha mpaka kufa kwake: alikula ugali na samaki au chochote kilichopatikana kijijini, akalala po pote palipokuwapo. Watu wengine wa Ulaya waliofuatana naye waliona shida kwelikweli. Sisi hatumsifu kwa kila jambo katika habari hiyo, maana asiyeujali mwili wake husahau upesi kwamba mwenzake ana mwili. Walakini faida yake moja ni kubwa. Mwenye kupokea chakula cha mtu kila siku hujua ndani ya nyumba ile mna nini na hamna nini.

Mwaka 1880 akaenda mbali zaidi, mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Yafaa tukumbuke zawadi zilivyokuwa katika njia zile wakati ule. Msafiri alichukua mitumba ya nguo na shanga, akamtolea kila mfalme wa njiani. Wafalme wengi walipenda zaidi bunduki na baruti. Kitu kilitolewa ili njia ifunguliwe, nacho kilipokelewa kwa bei hiyo hiyo. Anayetoa alijua, na anayepokea alijua. Ilikuwa biashara iliyovikwa nguo za urafiki. Johnson alikaa Mwembe, akafundisha, akapata watu wa kumsikiliza. Hata mwaka 1881 zikaja habari kutoka pwani kwamba msafara wa watumwa wa watu wa Mataka umekamatwa. Mji mzima ukawaka hasira, na hasira ile ikamwangukia yeye mgeni. Ikambidi kutoka, naye akatoka bila mali. Nguo za zawadi hazikumtetea.

Hakurudi kwao. Aligeuza uso wake kuelekea Ziwa, akafuatana na padre mwingine, jina lake Charles Janson. Wakatembea njia ndefu, wakafika ufuko wa mashariki ya Nyasa mwanzo wa mwaka 1882. Janson aliyaona maji yale aliyoyatamani, akaugua, na mwezi wa Februari akafa papo hapo ufukoni. Johnson akamzika, akabaki peke yake pamoja na Waafrika waliofuatana naye.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo zawadi ile kubwa ilipochaguliwa, ingawa haikuonekana bado. Johnson alikaa ufukoni karibu miaka miwili, akienda kijiji kwa kijiji kwa miguu. Aliona nini? Aliona kwamba vijiji vingi vya ufuko wa mashariki vilikaa kwa hofu ya Wangoni, ambao nyakati zile pwani waliwaita Magwangwara. Walishuka ghafula kutoka bara, wakachukua watu na chakula. Kwa hiyo wenyeji walijenga juu ya miamba na visiwa vidogo, au wakazungusha maboma ya miti. Aliona tena kwamba milima hushuka mpaka majini mahali pengi, na njia ya nchi kavu hukatika, bali njia ya maji huendelea. Aliona majahazi yakivuka na watumwa kwenda upande huu, ili wapelekwe Kilwa. Aliona homa ikiwaua wageni waliolala penye matope. Na aliona kwamba wafundishaji ni wachache mno, vijiji vikiwa vingi kama mawe ya ufuko.

Mtu mwingine, akirudi Uingereza baada ya kuona hayo, angaliomba nguo kwa ajili ya watu walio uchi, au nyumba nzuri kwa ajili ya padre, au fedha ya kuwapa wafalme. Johnson alirudi mwaka 1884, akazunguka akihubiri na kuomba kitu kimoja tu: merikebu ya moshi. Twadhani wengi walistaajabu. Merikebu kwa watu wasio na bandari wala mizigo! Lakini yeye alikuwa ameutembea ufuko ule kwa nyayo zake, akajua kwamba barabara ya watu wale ni maji. Merikebu ingeweza kufika penye miamba na visiwa ambako mtembea kwa miguu hakufika. Mwalimu mmoja angaliweza kuangalia vijiji ishirini. Na mwenye homa angelala katika upepo wa ziwa, mbali na matope. Fedha ikapatikana, na merikebu ikajengwa, nayo ikaitwa Charles Janson. Hivyo rafiki aliyeliona Ziwa kwa siku chache alipewa jina lake lizunguke katika Ziwa lile miaka mingi.

Kuifikisha haikuwa kazi ndogo. Ilifungwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Quelimane, ikapanda mto Zambezi na mto Shire. Penye maporomoko ya Shire, ambapo hakuna chombo kiwezacho kupita, vipande vikachukuliwa na wapagazi mpaka Matope, na hapo vikaunganishwa. Mwezi wa Septemba mwaka 1885 Askofu Smythies akaibariki, ikaenda Ziwani. Mwaka huo huo Misioni ikafanya makao yake katika kisiwa cha Likoma, mahali pafaapo kwa wenye merikebu na pasipofaa kitu kwa wasio nayo.

Lakini Johnson hakuwapo kuitazama ikishuka majini. Alipokuwa njiani kurudi pamoja na kazi ile macho yake yaliugua vibaya, ikawa lazima arudishwe Uingereza, naye akawa kama kipofu. Waganga wakafanya waliloweza. Jicho moja likapotea kabisa, na la pili likabaki na nuru hafifu. Alikuwa na miaka 31 au kupita kidogo. Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Yeye akarudi Nyasa. Na kwa jicho lile moja bovu aliishi huko miaka mingine zaidi ya 40, akikaa sana katika merikebu, akishuka kila kijiji, akipanda tena.

Rafiki yake Maples naye alikuja Likoma, akafanya kazi huko miaka mingi. Mwaka 1895 akawekwa kuwa Askofu huko Uingereza, akarudi kwa haraka kwa watu wake. Usiku wa tarehe 2 Septemba mwaka ule mashua yake ilipinduka katika tufani, akazama, hata Likoma hakufika. Mwaka uliofuata Johnson akafanywa Arkidikoni wa Nyasa. Ikaonekana kwamba merikebu ya kwanza ni ndogo kwa kazi iliyoongezeka, ikatafutwa ya pili, na hiyo ikapewa jina Chauncy Maples.

Habari za merikebu hii ya pili husimuliwa hata leo, maana kazi yake ilikuwa ya ajabu. Iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipande 3,481, ikaletwa kwa njia ile ile ya mito. Boila yake, yaani chungu kikubwa cha chuma cha kuchemshia maji ya mvuke, ilikuwa na uzito wa tani 11, wala haikuweza kukatwa. Basi ikawekwa juu ya magurudumu, na Wangoni 450 wakaivuta kwa kamba maili zaidi ya 60, wakifanya njia mbele yake. Ikatiwa majini mwezi wa Juni mwaka 1901. Ndani yake palikuwa mahali pa wagonjwa na mahali pa kufundishia waalimu, ikawa shule iendayo na hospitali iendayo. Nasi tukisoma habari hizo hukumbuka kwamba Wangoni walikuwa hofu ya ufuko siku zile Johnson alipofika kwanza. Wale waliovuta boila walikuwa Wangoni wa upande wa magharibi ya Ziwa, si wale wa Songea. Hata hivyo jambo hilo latupendeza.

Wako watakaosema kwamba merikebu si zawadi ya rafiki kwa rafiki, bali ni chombo cha kazi ya Misioni. Twakubali nusu. Tena twajua kwamba katika Vita ya mwaka 1914 mpaka 1918 Chauncy Maples ilichukuliwa kupeleka askari, na watu wa ufuko waliona bunduki katika chombo walichozoea kuona wagonjwa. Zawadi kubwa ina hatari hiyo, kwamba mwenye nguvu huitwaa. Mwaka 1953 Misioni iliiuza.

Lakini Johnson alikuwa na zawadi nyingine isiyoweza kutwaliwa. Siku nyingi katika merikebu ile, jicho lake likiwa karibu kugusa karatasi, alikuwa akiandika. Pamoja na wasaidizi wenyeji wa lugha alifasiri Biblia nzima kwa Kinyanja cha Likoma, nayo ikapigwa chapa mwaka 1912. Wala hakuishia hapo. Alifasiri sehemu za Maandiko kwa lugha nyingine za watu wa Ziwa, hata Kimpoto, lugha ya watu wachache wa ufuko wetu huu.

Twaomba msomaji atazame jambo hili vizuri, hasa ninyi waalimu wa dini mnaofundisha vijijini. Wampoto ni kabila dogo. Mtu wa hesabu angesema kwamba haifai kupoteza miaka ya macho ya mtu mmoja kwa ajili ya watu wachache hivyo, hali Kinyanja chasikika karibu, na Kiswahili chaja. Wajifunze lugha kubwa! Sisi wenyewe twaandika gazeti hili kwa Kiswahili, nasi hatuoni haya kwa hilo. Ndicho kituwezeshacho kusemezana na ndugu zetu wa Moshi na Bukoba. Lakini mama wa kijiji hasali kwa lugha ya kusemezana na watu wa mbali. Nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine huvaliwa, maana afadhali nguo kuliko uchi, ila mwenye kuivaa huinua mabega siku zote. Johnson aliwapima watu wale wachache, akawashonea yao. Ni vigumu kwetu kufikiri zawadi iliyochaguliwa kwa uangalifu zaidi ya hiyo.

Pia aliandika vitabu kwa Kiingereza kwa ajili ya watu wa kwao. Kimoja, kilichotoka mwaka 1922, chasimulia habari za Ziwa na watu wake, uvuvi wao na desturi zao. Ni kama kwamba alitaka Waingereza waliotoa fedha za merikebu wapate kujua waliwapa nani.

Miaka ya mwisho aliikaa Liuli, mahali ambapo Wadachi walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wenye umbo la mnyama alalaye. Hapo akafa, mwenye umri wa miaka 74, baada ya miaka 52 tangu kufika Afrika. Mali aliyoacha ilikuwa haba. Hakuwa na mke wala mtoto wa kurithi. Watu wa ufuko wakamzika, na kaburi lake likawa mahali pa kuzuriwa, hata sasa wako wanaokwenda kuomba hapo.

Sisi tulifika Liuli kwa shughuli nyingine, tukalizuru kaburi hilo. Siku moja kabla ya kushuka tulipita kwa shangazi yetu. Taa ingali ukutani. Safari hii tulimletea blanketi, baada ya kuuliza kwanza kwa jirani yake ni kitu gani kimemchakaa, naye alijifunika mabegani pale pale, jua likiwaka nje. Kisha akauliza twaenda wapi. Tulipomwambia, akaingia ndani bila kusema, akatoka na kikapu cha maharage, akatutwika, atuagize tumpe mwenyeji wetu wa Liuli, mtu asiyemjua wala kumwona maishani mwake. Watu wa ziwani wana samaki wa kutosha, usipa na mbasa, lakini maharage hayastawi vema katika mchanga wao. Hilo alilijua tangu ujana wake, alipokuwa akishuka kwa miguu kubadilishana.

Mke wa mwenyeji wetu alipofungua kikapu alipiga kigelegele. Tuliporudi mlimani tulichukua furushi la samaki wakavu, zito kuliko maharage tuliyoshuka nayo, nasi tulitoa jasho njia nzima.